Jiko la peleti: moto liachie, nyama uilinde mwenyewe

Kubanika nyama kwa moshi kulimtaka mtu akeshe. Unaongeza kuni, unafungua tundu la hewa, unalifunga, joto linapanda, linashuka, na ukisinzia kidogo unakuta moto umekufa. Jiko la peleti limeiondoa kazi hiyo: unaweka joto unalotaka kwenye kidhibiti, unafunga kifuniko, na jiko linautunza moto usiku kucha. Ninalipenda kwa sababu hiyo. Ila nimeona watu wengi wakilinunua wakidhani litawapikia. Wanaitoa nyama kwa kutazama saa, wanakuta ngumu kama soli, wanalilaumu jiko. Jiko lilikuwa limefanya kazi yake. Kujua ndani ya nyama kunaendelea nini ni kazi ya mpishi, na ndiyo nitakayoisemea zaidi hapa.

Joto lote ninaloandika ni kwa digrii za Selsiasi.

Lijue jiko kabla ya kuliwasha

Peleti ni unga wa mbao ulioshindiliwa na mashine mpaka ukawa vijiti vifupi vyenye unene wa milimita 6 hivi. Kinachoushika unga huo ni lignini, sehemu ya mti wenyewe, ambayo hulainika kwa joto la mashine na kugandamanisha chembe za mbao ikipoa.

Peleti hukaa kwenye sanduku la pembeni. Chini ya sanduku kuna parafujo ndefu inayozungushwa na mota. Hiyo huzisukuma kidogo kidogo hadi kwenye kikombe cha chuma kilicho chini ya jiko. Humo mna kijiti cha kuwashia ambacho umeme hukifanya kiwe chekundu kwa dakika chache za mwanzo. Moto ukishika, kijiti huzimika na feni huendelea kupuliza. Juu ya kikombe kuna bamba la kutawanya joto, juu yake bamba la kukinga mafuta, kisha wavu wa nyama. Joto likishuka, kidhibiti huamuru parafujo izunguke zaidi, likipanda, huipumzisha. Wazo hili lilitoka kwa Joe Traeger wa Mount Angel, jimbo la Oregon nchini Marekani, aliyepata hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi wake, mwaka 1986. Ilipoisha miaka 20 baadaye, kampuni nyingine nyingi zikaanza kutengeneza majiko ya namna hiyo.

Nimeeleza mpangilio huu kwa sababu ukiuelewa hutahangaika bure. Namba ya kidhibiti ikicheza digrii 10 juu au chini ya uliyoweka, hiyo ni parafujo inafanya kazi yake. Usiguse kitu. Nyama hupikwa na wastani wa joto, na wastani huo huwa sawa.

Mahali pa kuliweka na peleti za kulilisha

Jiko hukaa nje, mahali pa wazi, mbali na kuta za mbao, mapazia na kitu chochote kinachoshika moto. Usilitumie ndani ya nyumba wala ndani ya gereji, hata mlango ukiwa wazi. Moto wa mbao hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na huua. Kwa kuwa jiko hutumia umeme, waya wa kuunganishia uwe wa kutumika nje, na soketi iwe mbali na maji.

Peleti ziwe za kupikia. Zile za kupashia nyumba joto zinaweza kuwa na mbao laini zenye utomvu kama msonobari, na moshi wake ni mchungu na haufai kwenye chakula. Mwaloni una moshi wa wastani na unakubaliana na karibu kila nyama. Hikori ni mkali zaidi, unaifaa nyama ya ng'ombe. Mtofaa na mcheri ni mpole, wa kuku na samaki. Soma mfuko: mingi iliyoandikwa jina la mti mmoja huwa na mwaloni au mti mwingine mwingi ndani, na hilo si baya, mradi ujue ulichonunua.

Adui wa peleti ni unyevu. Chukua moja uivunje kwa vidole: nzuri inavunjika kwa mlio na mkato wake unang'aa kidogo. Ikipinda au ikipukutika unga mkononi, imenyonya maji. Peleti iliyolowa huvimba ndani ya mfereji wa parafujo, inakauka humo ikawa kama saruji, na hapo utalifungua jiko kwa bisibisi. Ziweke kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana, na baada ya kupika usiache sanduku limejaa ikiwa jiko linakaa nje kwenye mvua na umande.

Siku ya kwanza usiweke nyama

Jiko jipya lina mafuta ya kiwandani kwenye mabati. Liwashe tupu, joto la chini kwa dakika chache hadi moto ushike, kisha lipandishe hadi digrii 180 au 200 kwa muda usiopungua dakika 45. Majiko mengine huwashwa kifuniko kikiwa wazi na mengine kikiwa kimefungwa. Fuata kijitabu cha jiko lako katika hilo, maana kinajua feni yake.

Tumia muda huo kujifunza kusoma moshi. Dakika za mwanzo utaona moshi mweupe, mzito, unaobingirika. Huo ni wa mbao ambazo hazijaungua vizuri, nao huacha uchungu kwenye nyama na ganzi kwenye ulimi. Baadaye unakuwa mwembamba, karibu hauonekani, una rangi ya samawati ukiutazama dhidi ya kitu cheusi. Huo ndio moshi wa kupikia. Anayezoea kuni hufadhaika akiona dohani haitoi wingu, lakini inusie: harufu ipo, na nyama inaipata.

Nunua pia kipima joto cha mkononi chenye sindano, hata kama jiko limekuja na chake. Kijaribu kwenye glasi iliyojaa barafu iliyopondwa na maji kidogo. Kinapaswa kusoma 0. Bila kifaa hiki mwongozo huu wote haukusaidii.

Anza na mapaja ya kuku

Mapaja ya kuku husamehe makosa, na yanaiva ndani ya saa moja na kitu, kwa hiyo unajifunza haraka. Yakaushe kwa kitambaa cha karatasi, yatie chumvi gramu 10 hadi 12 kwa kila kilo, pilipili manga na kitunguu saumu cha unga, kisha yaache kwenye friji bila kufunikwa kwa saa kadhaa. Ngozi hukauka, na hilo ndilo tunalolitaka.

Watu hukosea kwa kumpika kuku kwa joto la chini mwanzo hadi mwisho kama wanavyopika ng'ombe. Nyama inaiva lakini ngozi inakuwa mpira. Weka jiko digrii 110 kwa dakika 30 ili moshi uingie, kisha lipandishe hadi 190. Kuku ni salama ndani ikifika digrii 74, lakini paja lina kano nyingi na likitolewa hapo huwa linavutika. Liache lifike 80 au 85. Choma sindano kwenye sehemu nene bila kugusa mfupa, kwa sababu mfupa hukudanganya.

Ukikata utaona rangi ya waridi chini ya ngozi. Usiogope. Gesi za moshi hushikana na myoglobini, ile rangi nyekundu ya nyama, zikaizuia isigeuke kahawia hata nyama ikiiva. Kwenye nyama iliyobanikwa, rangi haikuambii kama imeiva au la. Sindano ndiyo inayokuambia.

Ukipika nyama ya kusaga ya ng'ombe, ifikishe digrii 71 ndani. Kipande kizima kina vijidudu juu tu, ambako moto unafika kwanza. Mashine ya kusaga huvichanganya hadi katikati.

Kidari cha ng'ombe

Sasa tuje kwenye nyama ambayo jiko hili liliumbiwa. Kidari ni kifua cha ng'ombe, misuli inayobeba uzito wa mnyama maisha yake yote, na ndiyo maana ni kigumu. Kimejaa kolajeni, nyuzi zinazoshikilia misuli. Ukikipika haraka unapata kamba. Ukikipika taratibu, kolajeni inayeyuka ikawa jelatini, na kile kilichokuwa kigumu ndicho kinachoifanya nyama iwe na utelezi na utamu mdomoni. Mabadiliko hayo huanza kukolea ndani ikipita digrii 70 na yanahitaji muda. Hakuna njia ya mkato ninayoiamini.

Tuseme una kidari kizima cha kilo 5 na wageni wako watakula saa 7 mchana keshokutwa.

*Usiku wa kuamkia siku ya kupika.* Utaona misuli miwili: mmoja bapa, hauna mafuta mengi, mwingine mnene, una mafuta, umelala juu ya ule bapa. Punguza mafuta ya nje hadi yabaki unene wa milimita 6. Lile donge gumu la mafuta lililo kati ya misuli liondoe kabisa, halitayeyuka. Ncha nyembamba za pembeni zikate, vinginevyo zitaungua. Tia chumvi gramu 12 kwa kila kilo, juu yake pilipili manga iliyosagwa kwa chengachenga. Mimi siongezi kitu kingine, nikitaka kusikia ladha ya ng'ombe na mti. Rudisha kwenye friji bila kufunika. Chumvi hutoa maji kwanza, kisha maji hayo hurudi ndani nayo.

*Siku ya kupika, saa 2 na nusu usiku.* Washa jiko, weka digrii 107. Angalia sanduku limejaa: kwa joto hili jiko hula nusu kilo hadi kilo moja ya peleti kwa saa, zaidi kukiwa na baridi au upepo. Weka bakuli la chuma lenye maji pembeni ya wavu.

*Saa 3 usiku.* Toa nyama kwenye friji moja kwa moja hadi jikoni. Usiiache ipate joto mezani. Moshi hushika zaidi kwenye uso wa baridi na wenye unyevu, kama mvuke unavyoshika kwenye kioo cha baridi. Upande wa mafuta uelekee chini, kwa sababu kwenye majiko mengi ya peleti joto hutoka chini na mafuta yatakuwa ngao. Choma sindano katikati ya ule msuli bapa na uweke kengele ya simu ikuamshe jiko likishuka chini ya digrii 90 au kupita 140.

Moshi wa peleti ni mpole kuliko wa kuni, na saa 3 au 4 za kwanza ndizo nyama inapopokea mwingi. Ukitaka uwe mkali zaidi, nunua lile bomba la chuma lenye matundu, lijaze peleti, liwashe upande mmoja kwa dakika kama 10 hadi lishike vizuri, puliza mwali uzime, ulilaze kwenye wavu. Litafuka kwa saa kadhaa.

Kisha acha. Kila unapofungua kifuniko unamwaga joto, na jiko hukimbilia kusukuma peleti nyingi kulirudisha.

*Alfajiri.* Hapa ndipo mpishi mpya huingiwa na hofu. Joto la nyama lilikuwa linapanda vizuri, kisha likifika 65 au 70 linagoma. Saa nzima, namba ile ile. Saa 2, namba ile ile. Pengine linashuka digrii moja. Jiko halijaharibika. Nyama inatoka jasho: maji yanapanda juu, yanageuka mvuke, na mvuke unaondoka na joto kwa kasi ile ile ambayo moto unalileta. Ni jasho lile lile linalokupoza wewe ukipigwa na upepo. Maji ya juu yakipungua, joto litaendelea kupanda.

Unaweza kusubiri, au unaweza kuifunga nyama. Mimi huifunga, lakini sifungi kwa sababu namba imegoma. Nafunga ukoko ukiwa tayari. Fungua kifuniko, kwaruza juu kwa ukucha. Ukoko ukiwa mweusi kama udongo uliochomwa, mkavu, na hautoki kwa kukwaruzwa, umeshika. Ukibanduka kama tope, ipe saa nyingine. Kisha funga kwa karatasi ya bucha isiyo na nta, mikunjo miwili iliyobana. Karatasi ya alumini huivisha haraka zaidi kwa sababu haipitishi mvuke, ila ukoko unalowa na kulainika. Chagua kulingana na muda ulionao. Baada ya kufunga, pandisha jiko hadi digrii 120. Moshi hauingii tena, kwa hiyo hakuna faida ya kukaa chini.

*Kuanzia saa 3 asubuhi.* Nyama ikifika 90 anza kuipima kwa mkono. Chomeka sindano ndani ya karatasi kwenye msuli bapa, sehemu 3 tofauti. Mwanzoni utahisi inakwaruza na kushikwa. Nyama itakapokuwa tayari, sindano inaingia na kutoka kama kwenye parachichi bivu, bila kukinza. Mara nyingi hilo hutokea kati ya 93 na 97, lakini nimewahi kutoa kidari kwa 91 na kingine kwa 99, vyote laini. Ng'ombe hawafanani. Namba inakuambia uanze kupima lini. Mkono ndio unaoamua.

Moto ukizimika usiku

Usiku mmoja niliwasha jiko bila kuzoa majivu ya mapishi 3 yaliyotangulia. Saa 9 usiku kengele ikalia, jiko limeshuka hadi digrii 60. Majivu yalikuwa yamejaa kwenye kikombe yakaukaba moto, na kidhibiti, kwa kuona joto linashuka, kikaendelea kusukuma peleti juu ya peleti. Kwa usingizi nikalizima na kuliwasha tena. Moshi wa manjano, mzito, ukaanza kutoka kwenye kila mwanya, na baada ya dakika chache kifuniko kikainuka kwa kishindo na kuanguka tena mahali pake. Nilikuwa nimesimama hatua 2 kutoka pale. Ningekuwa nimeinama kuchungulia, ningeungua uso.

Kwa hiyo moto ukizimika: zima, chomoa waya, toa nyama uiweke kwenye oveni yenye digrii 110. Jiko likipoa, ondoa wavu na mabamba, toa peleti zote na majivu kwenye kikombe, uzitie kwenye ndoo ya chuma. Ndipo uwashe upya. Kama moto ulikufa kwa muda usioujua na nyama imeshuka chini ya digrii 60, itupe, hata kama inanukia vizuri na moyo unauma.

Na ili usifike huko, zoa majivu kabla ya kila pishi refu. Hakikisha jiko limepoa kabisa kabla ya kuingiza mashine ya kufyonza, kwa sababu kaa dogo hujificha ndani ya majivu kwa saa nyingi na litawasha mfuko wa mashine. Bamba la mafuta nalo likwangue. Mafuta yaliyorundikana ndiyo yanayoshika moto siku unapopandisha joto kwa ajili ya kuku. Yakishika, zima jiko, acha kifuniko kimefungwa, usimwage maji.

Kupumzisha na kukata

Toa kidari, kiache mezani ndani ya karatasi yake dakika 15 mvuke mkali utoke, kisha kizungushie taulo nzee na ukilaze ndani ya sanduku la barafu lisilo na barafu. Humo kitakaa saa 2 hadi 4 bila kushuka chini ya 60. Usiiruke hatua hii. Nyama iliyokatwa ikitoka motoni humwaga maji yote kwenye ubao. Iliyopumzika huyashika, kwa sababu jelatini imeanza kuwa nzito.

Wakati nyama imelala, zima jiko kwa kitufe cha kuzimia na uliache limalize lenyewe. Feni itaendelea kupuliza dakika kadhaa ili peleti zilizo kwenye kikombe ziungue zote. Ukichomoa waya ghafla, moto uliobaki unaweza kurudi nyuma taratibu kupitia parafujo hadi kwenye sanduku.

Kisu kiwe kirefu na kikali. Tazama nyuzi za msuli bapa zinaelekea wapi, uzikatishe, vipande vya unene wa penseli. Ule msuli mnene nyuzi zake zinaelekea upande mwingine, kwa hiyo utenganishe kwanza, ugeuze, ndipo uukate. Kipande kizuri ukikining'iniza kwenye kidole kinapinda bila kukatika, na ukikivuta kidogo kinaachia. Kikikatika chenyewe kimepita kiasi. Kata vinene zaidi. Kikikataa kuachia, kata vyembamba, na safari ijayo ipe nyama saa moja zaidi.

Kinachobaki kiingie kwenye friji ndani ya saa 2, pamoja na mchuzi uliobaki kwenye karatasi. Kesho yake kipashe kikiwa kimefunikwa, na mchuzi huo umemwagwa juu.